Seva ya Mtwara Inaponyamaza

Mwezi Mei 2024 njia mbili zinazoiunganisha Mtwara na ulimwengu zilikatika, moja baada ya nyingine. Tarehe 4 ya mwezi huo kimbunga Hidaya, kikiwa kimekwisha kuanza kupungua nguvu, kilifika pwani katika eneo la Kisiwa cha Mafia, na mvua zilizofuatana nacho zikaikata barabara kuu ya kusini huko Somanga, wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa magari ya kutoka Dar es Salaam hayakuweza kupita kwenda Lindi na Mtwara. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, nazo zilikatika katika sehemu iliyo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa mojawapo ya nchi zilizopungukiwa sana na huduma ya intaneti. Njia ya kwanza ni ya lami na ya pili ni ya nyuzi za kioo. Hata hivyo, kwa mtu anayetunza kompyuta iliyoko Mtwara ilhali yeye mwenyewe yuko mbali, zote mbili huleta swali lile lile: mashine isiyojibu, je, imekufa, au ni njia tu iliyokatika?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ikiwa mashine imekufa, hapana budi mtu afunge safari ya kilomita zipatazo 560 kutoka Dar es Salaam, vipuri mkononi. Ikiwa ni njia iliyokatika, safari hiyo ni kupoteza siku na nauli, kwani mashine ni nzima na inaendelea na kazi yake. Kulijibu swali bila ya kuondoka kitini ndiyo kazi ya programu za kufuatilia hali ya seva. Programu hizo hazina uhaba, nyingi hazilipiwi hata senti moja, na mwanafunzi hodari wa kidato cha tano aweza kuiweka mojawapo kwa alasiri moja. Lakini ikiwekwa bila ya kufikiri, hutoa majibu ya uongo yenye sura ya uhakika, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na programu kabisa.

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine: kutunza kumbukumbu, kupokea maombi, kutoa majibu. Haikai mbele ya mtu. Mara nyingi haina hata kioo wala kibodi, nayo hufungiwa katika chumba ambacho watu huingia kwa nadra. Kwa mkoa wa Mtwara mfano ulio karibu na kila nyumba ni korosho. Tangu mwaka 2007 zao hilo limekuwa likiuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka korosho zake ghalani kupitia chama cha msingi, na wanunuzi hushindana kwa zabuni. Kwa miaka mingi zabuni ziliandikwa kwenye karatasi na kutumbukizwa sandukuni. Katika msimu wa 2024/2025 minada ilianza kuendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX: mnunuzi huandika bei yake kwenye kompyuta popote alipo, na bei hiyo hupokewa na seva. Sanduku halikuhitaji mtu wa kulipima joto kila baada ya dakika tano. Seva yahitaji, na muda wake wa hatari ni mfupi, kwani mnada hauchukui siku nzima, na aliyekosa kusikika wakati wa mnada hawezi kusikika baada ya kufungwa.

Seva nyingi duniani huendeshwa kwa Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Sababu moja ya kuenea kwake ni kwamba haununuliwi. Sababu ya pili, ambayo ndiyo inayohusika hapa, ni kwamba haufichi habari zake.

Mashine inayojieleza

Ndani ya Linux imo saraka iitwayo /proc. Ukiitazama utadhani ni kabati la mafaili kama makabati mengine, lakini mafaili yake hayamo kwenye diski hata kidogo. Kila unapofungua faili mojawapo, kiini cha mfumo huliandika papo hapo, kikieleza hali ilivyo wakati huo: kumbukumbu iliyobaki, michakato inayoendelea, baiti zilizopita kwenye mtandao. Programu zote za ufuatiliaji, za bure na za kulipia, zenye picha za rangi na zisizo na picha, huanzia kwenye visima kama hicho. Mwalimu asiyekuwa na programu yoyote ya ziada aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa kuandika amri moja tu, cat /proc/loadavg, na kuwauliza maana ya tarakimu tatu za mwanzo zitakazotokea.

Tarakimu hizo huitwa wastani wa mzigo. Ya kwanza ni ya dakika 1 iliyopita, ya pili ni ya dakika 5, na ya tatu ni ya dakika 15. Zikishuka kutoka ya tatu kuelekea ya kwanza, mzigo unapungua, zikipanda, unaongezeka. Seva yenye viini viwili vya prosesa ikiwa na mzigo wa 2 imejaa sawasawa, na ikiwa na mzigo wa 8 mtu atasema imezidiwa mara nne.

Hapo ndipo wengi hukosea. Msomaji afikirie Ghuba ya Mikindani wakati maji yamekupwa. Mashua zimelala ubavu juu ya mchanga zikisubiri maji yajae. Mabaharia wamekaa, wapagazi wamekaa, hakuna anayetoka jasho. Lakini idadi ya mashua zenye shehena zinazosubiri ni kubwa. Mtu anayehesabu foleni peke yake ataandika kwamba wapagazi wamezidiwa na kazi, na huenda akaagiza waongezwe. Linux nayo huhesabu hivyo hivyo. Katika wastani wa mzigo huingiza michakato inayofanya kazi, ile inayosubiri zamu ya prosesa, na pia ile iliyolala usingizi usiokatizwa ikisubiri diski ijibu. Kwa hiyo mzigo wa 8 pamoja na prosesa isiyokuwa na kazi si dalili ya prosesa ndogo. Ni dalili ya diski nzito, na mara nyingi ya diski inayokaribia kufa. Kununua prosesa kubwa zaidi kwa kuitazama namba hiyo ni sawa na kuongeza wapagazi wakati kinachokosekana ni maji.

Kipimo kimoja, basi, hakitoshi kusema lolote. Programu ya ufuatiliaji haina akili kuliko mtu aliyechagua vipimo vyake.

Kuiweka Nagios

Miongoni mwa programu nyingi zilizopo, ile iitwayo Nagios yafaa kwa kufundishia, kwa sababu mantiki yake iko wazi na husomeka katika mafaili ya maandishi ya kawaida. Mwamerika Ethan Galstad aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Mwaka 2002 jina hilo lilibadilishwa kwa kuogopa mgogoro wa alama ya biashara, na jina jipya likatungwa kwa mzaha, likidokeza kwamba programu hiyo haitasisitiza tena kuitwa mtakatifu. Watunzi wa programu hupenda mizaha ya namna hiyo, na mwanafunzi atakutana nayo mara nyingi.

Katika Linux za ukoo wa Debian, amri sudo apt install nagios4 huleta programu pamoja na vikaguzi vyake. Katika seva itakayotazamwa huwekwa wakala mdogo aitwaye NRPE, kwa amri sudo apt install nagios-nrpe-server. Wakala huyo husikiliza katika mlango namba 5666 na hujibu maswali ya mlinzi. Faili lake, /etc/nagios/nrpe.cfg, lina mstari wa allowed_hosts ambao hutaja anwani za walinzi wanaoruhusiwa kuuliza. Mstari huo usiachwe wazi, kwani wakala anayemjibu kila mpita njia humweleza mwizi hali ya nyumba. Kabla ya kuiwasha Nagios, amri nagios4 -v /etc/nagios4/nagios.cfg huyasoma mafaili yote ya mpangilio na kuonyesha makosa. Ni jambo la kushangaza jinsi wengi wanavyoiruka hatua hii isiyochukua sekunde kumi. Kwa mikoa ya mbali yafaa pia kuhifadhi vifurushi vya programu hizo kwenye diski ya pembeni, kwa maana apt huvichukua kutoka kwenye intaneti, na siku vitakapohitajika upesi huenda ikawa ndiyo siku intaneti haipo.

Moyo wa Nagios ni wepesi kabisa. Kila kikaguzi ni programu ndogo inayopima kitu kimoja na kurudisha namba moja. Sifuri maana yake ni salama. 1 ni tahadhari. 2 ni hatari. 3 ni haijulikani. Basi. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika programu ya mistari kumi aweza kutunga kikaguzi chake mwenyewe, mathalani cha kupima joto la chumba, na Nagios itakipokea bila ya kujali kimeandikwa kwa lugha gani. Namba 3 ndiyo yenye hekima kuliko zote, kwani humpa mpimaji ruhusa ya kukiri kwamba hakupima. Kikaguzi kibaya kikishindwa kuifikia diski hurudisha sifuri, na watu hulala usingizi juu ya habari ambayo haikuwahi kukusanywa.

Kati ya salama na tahadhari, na kati ya tahadhari na hatari, huwekwa vizingiti. Hesabu yake yafaa kwa darasa la hisabati. Tuseme diski ina gigabaiti 500, zilizotumika ni 380, na kila siku zinaongezeka 1.5. Kizingiti cha tahadhari ni nafasi iliyobaki kufika asilimia 20, yaani gigabaiti 100. (Kikaguzi cha diski hupima nafasi iliyobaki, wala si iliyotumika, anayesahau hilo huandika asilimia 80 akapata kelele tangu siku ya kwanza.) Tahadhari itatolewa baada ya siku 13 na kitu, na tangu hapo hadi diski kujaa zitakuwapo siku 66. Muda huo ni wa kutosha hata kwa kuagiza diski mpya na kuisubiri ifike kwa basi. Lakini programu moja ikiharibika na kuanza kuandika malalamiko yake kwenye kumbukumbu kwa kasi ya gigabaiti 6 kwa saa, zile gigabaiti 100 zitakwisha kwa saa 16 na dakika 40. Ujumbe uliofika saa kumi na mbili jioni, ukasomwa kesho yake saa tano asubuhi, utakuwa umechelewa kwa dakika 20. Kizingiti ni kile kile na diski ni ile ile. Kilichobadilika ni kasi, nayo haikuwa ikipimwa.

Kizingiti cha chini mno nacho kina madhara yake. Mlinzi wa pwani apigaye filimbi kila maji yanapojaa atapuuzwa siku ya bamvua lenye upepo. Kwa sababu hiyo Nagios haimpigii mtu kelele kwa kosa la kwanza. Ikishindwa kupata jibu huiita hali hiyo kuwa ni laini, hurudia kukagua kwa vipindi vifupi, na baada ya majaribio yaliyowekwa ndipo huihesabu kuwa ni hali ngumu na kutuma ujumbe. Mpango unaofaa kwa kuanzia ni ukaguzi wa kila dakika 5, na kosa likitokea, majaribio manne kwa jumla yanayopishana kwa dakika 1.

Imekufa au haifikiki?

Sasa lile swali la mwanzo. Mlinzi anayetazama kutoka Dar es Salaam hawezi kuiona seva ya Mtwara moja kwa moja. Huiona kupitia vifaa kadhaa: kisambazaji cha ofisi yake, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa mwaka 2009, kisambazaji kilichoko Mtwara, na swichi iliyomo chumbani mwa seva. Kimoja tu kikizimika, vyote vilivyo nyuma yake hunyamaza. Mlinzi asiyejua mpangilio huo hutuma ujumbe kumi na tano kwamba mashine kumi na tano zimekufa kwa pamoja, jambo ambalo karibu haliwezekani, na fundi huanza kutafuta ugonjwa wa mashine mahali ambapo hakuna mgonjwa.

Nagios hulitatua jambo hili kwa neno moja katika faili la mpangilio, parents, yaani wazazi. Kwa kila kifaa hutajwa kile kilicho mbele yake njiani. Seva ikinyamaza, Nagios humuuliza mzazi wake. Mzazi akijibu, seva huandikwa kuwa imekufa. Wazazi wote wakiwa kimya, seva huandikwa kuwa haifikiki, na lawama humwendea yule wa kwanza njiani aliyeshindwa kujibu. Maneno hayo mawili, imekufa na haifikiki, yana tofauti ya safari nzima ya kwenda Mtwara na kurudi.

Lakini hata mlinzi mwenye kujua wazazi huona kutoka upande mmoja tu. Wanaoendesha mabomba ya gesi wanalijua jambo hili vizuri. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, husafishwa Madimba, na tangu mwaka 2015 husafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Katika bomba lolote la namna hiyo, kupima gesi mwisho mmoja pekee hakutoshi kuonyesha kwamba inavuja njiani. Hapana budi kilichoingia mwanzoni kilinganishwe na kilichotoka mwishoni. Ufuatiliaji wa seva nao wataka macho mawili, moja likiwa Mtwara karibu na seva, na jingine likiwa mbali. La karibu litasema kama mashine ni nzima. La mbali litasema kama watu wanaweza kuifikia. Majibu yakitofautiana, tofauti yenyewe ndiyo habari.

Mambo ya tarehe 12 Mei 2024 yaonyesha vizuri. Seva iliyoko Mtwara, ikitumiwa na watu waliomo nchini kupitia mkongo wa nchi kavu, haikuhitaji nyaya za baharini ili kufanya kazi yake. Lakini taasisi inayotegemea kampuni ya ng'ambo kuitazama seva hiyo ingepata taarifa kwamba imekufa. Tena yawezekana seva ifikike kwa namba ya anwani yake na isifikike kwa jina, ikiwa kompyuta inayotafsiri jina hilo iko nje ya nchi. Ndiyo maana mtunzaji mwangalifu huweka vikaguzi viwili kwa seva moja, kimoja kikiita kwa namba na kingine kikiita kwa jina.

Bado limebaki pengo moja. Umeme ukikatika Mtwara, yule mlinzi wa karibu hufa pamoja na anayelindwa, na hatatuma ujumbe wowote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na hapa usemi huo ni kanuni ya ufundi. Mlinzi wa Mtwara hana budi kutuma salamu kwa mwenzake wa mbali kila baada ya dakika chache, hata kama hakuna jambo, na mwenzake afundishwe kushtuka salamu isipofika. Ujumbe wa kawaida hutumwa ubaya unapotokea. Salamu hii hutumwa uzima unapoendelea, na kukosekana kwake ndiko taarifa.

Saa tatu za tukio moja

Kwenye fukwe za Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, na katika vijiji vilivyo karibu na mto, simu ya mkononi yaweza kunasa mnara wa ng'ambo ya pili. Ikifanya hivyo, na ikiwa imewekwa ijirekebishe saa yenyewe, hurudi nyuma saa nzima, kwani Msumbiji hufuata saa ya kanda ya kati ya Afrika na Tanzania hufuata ya mashariki. Kwa msafiri ni kichekesho. Kwa mtu anayesoma kumbukumbu za seva ni chanzo cha makosa makubwa.

Linux yenyewe haijui mipaka ya nchi. Huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya kimataifa, ambao kwa Tanzania ulikuwa saa tisa usiku. Saa inayoonyeshwa kwa mtu hutafsiriwa kutoka kwenye hesabu hiyo kwa kufuata kanda iliyochaguliwa. Tuseme seva imezimika saa nane na dakika kumi na nne usiku wa kuamkia Jumanne. Kumbukumbu iliyowekwa kanda ya Africa/Dar_es_Salaam itaandika 02:14, Jumanne. Iliyowekwa Africa/Maputo itaandika 01:14. Iliyoachwa kwenye saa ya kimataifa itaandika 23:14, tena ya Jumatatu. Na mlinzi wa getini akiulizwa atasema saa nane. Tukio moja limekuwa manne, na moja kati yao limehamia siku nyingine. Kamati ya uchunguzi yaweza kutumia asubuhi nzima ikitafuta aliyekuwa chumbani saa tano usiku wa Jumatatu, wakati ambapo hapakutokea kitu.

Dawa ni kuzipa mashine zote kanda moja na kuzisawazisha kwa utaratibu wa NTP, ambao Mmarekani David Mills aliueleza kwa maandishi mwaka 1985. Hata mashine moja ya Mtwara iwe ndiyo kiongozi wa saa kwa wenzake, ili njia ya mbali ikikatika wasiachane. Saa ya kompyuta ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, hupotea sekunde 1.7 kwa siku. Si nyingi, lakini katika mwezi ni karibu dakika moja, na katika zabuni sekunde zina mwenyewe.

Umeme, joto na chumvi

Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata umeme wake kutoka kituo cha gesi cha Mtwara mjini, bila ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Palipokuwa na mtambo mmoja kuharibika, hapakuwa na jirani wa kuazima. Hivyo betri ya akiba ni kifaa cha kwanza cha kufuatiliwa. Programu iitwayo NUT husoma hali ya betri na kuiambia seva izime taratibu kabla ya chaji kwisha, kwani seva inayozimika ghafla yaweza kuharibu mafaili yaliyokuwa yakiandikwa. Ijulikane pia kwamba maisha ya betri ya risasi na asidi hupungua kwa kadiri ya nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25. Chumba cha pwani kisichokuwa na kipoza hewa huila betri ya miaka minne kwa miaka miwili. Hewa ya chumvi nayo hula viungio vya shaba pole pole, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni makosa madogo madogo ya mtandao ambayo hayana mpangilio. Diski hujieleza zenyewe kupitia amri smartctl. Idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa ikianza kupanda, diski ibadilishwe ikiwa bado hai.

Upo pia ukimya unaoagwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kikielekea mpaka wa kusini, watu wa Mtwara walitahadharishwa na wengine wakahamishwa. Hatimaye tarehe 25 kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Katika hali kama hiyo busara ni kuizima seva kwa hiari na kuifunika. Nagios hukubali kuandikiwa mapema muda wa mapumziko ya kifaa, na katika muda huo haitampigia mtu kelele. Asiyefanya hivyo hujazwa simu yake ujumbe wa hatari wakati anapohitaji simu hiyo kwa mambo ya uhai.

Ujumbe wenyewe utoke kwa njia isiyokuwa ile inayoweza kukatika. Barua pepe hupita katika mtandao ule ule unaolalamikiwa. Modemu ndogo yenye laini ya simu, ikiendeshwa kwa programu kama Gammu, hutuma ujumbe mfupi kwa mnara wa simu moja kwa moja, na gharama yake ni ya kuchangiwa na klabu ya sayansi. Shule yenye maabara ya kompyuta haihitaji kununua mashine ya mlinzi. Kompyuta kuukuu iliyokwisha kuachwa kwa uchakavu yatosha kutazama vifaa ishirini au thelathini.

Chombo kikishawekwa, kijaribiwe. Mwalimu achague Jumamosi ambayo haina mtihani, achomoe waya wa mtandao wa seva, na mwanafunzi mmoja ashike saa. Kwa mpango uliotajwa, wa ukaguzi wa kila dakika 5 na majaribio manne yanayopishana kwa dakika 1, ujumbe hauna budi kutumwa kati ya dakika ya 3 na ya 8, kutegemea waya ulichomolewa muda gani kabla ya ukaguzi uliofuata. Baadaye izimwe swichi, na darasa litazame kama mashine zilizo nyuma yake zitaandikwa kuwa hazifikiki au zimekufa. Kisha azimwe mlinzi mwenyewe, bila ya kumwarifu mwenzake wa mbali. Muda wa kila jaribio uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Ujumbe ukifika dakika ya 15, vipindi vya ukaguzi vitazamwe upya. Usipofika kabisa, kabla ya kufungua faili lolote, litazamwe salio la ile laini ya simu.